Lushoto au Marangu: kama safari ni ya kula na kunywa vya kwao, uende wapi?

Hili swali huwa linarudi kila sikukuu zikikaribia, mtu ana siku zake tatu nne za mapumziko, joto la Dar limemchosha, anataka mlima, anataka kulala na blanketi, na anataka ale chakula cha watu wa huko sio chipsi kuku ileile aliyoiacha Sinza. Majina yanayotajwa sana ni Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, na Marangu, chini ya Kilimanjaro. Kote ni milimani, kote unafika kwa barabara ileile ya Dar kwenda Moshi, kote Mjerumani alipita akaacha misheni na mashamba, basi watu wanaona ni kitu kimoja wanachagua kwa kuangalia picha za lodji. Kwa habari ya mandhari sawa, chagua kwa picha, ila kwa habari ya tumbo hizi sehemu mbili haziko karibu kabisa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda asome hapa aondoke: Marangu kuna mapishi, Lushoto kuna mazao. Marangu sufuria iko jikoni tayari, unakaa, unaagiza, unakula, unashushia. Lushoto unakuta shamba, soko, maziwa na matunda ambayo mi sijaona sehemu nyingine ya nchi inayoyashinda, lakini ukitaka chakula cha Kisambaa kilichopikwa kikusubiri kwenye menyu utazunguka mpaka uchoke. Mengine yote yanatokana na hilo.

Marangu mezani

Nikisema Marangu naweka na Moshi mjini humohumo, maana ni kama kilomita 40 tu, unapita Himo unakata kupanda, na watu wengi wanalala huku wanakula kule. Mchaga ana bahati moja, chakula chake kimetoka nyumbani kikaingia mgahawani. Mtori, machalari, supu, nyama choma, hivi vyote unavipata kwa mama ntilie wa kawaida, huhitaji kumjua mtu wala kukodi mwongozaji.

Anza na mtori asubuhi. Ndizi mbichi na nyama ya ng'ombe yenye mifupa, vinachemshwa mpaka ndizi inalainika kabisa, nyama inatolewa pembeni, ndizi inapondwa na ile supu yake mpaka inakuwa uji mzito, halafu nyama inarudishwa. Ndizi wanayoipenda kwa mtori ni mshare, na hapa ndo unaona tofauti ya mtori wa Marangu na ule wa Dar ambao umepigwa kwenye blenda na ndizi yoyote iliyopatikana Mabibo. Huku ni chakula cha mama aliyejifungua, cha mgonjwa anayepata nafuu, na cha mtu aliyekunywa sana jana yake, ambaye ndiye mteja mkubwa wa saa mbili asubuhi.

Mchana kula machalari, yani ndizi nyama, mchuzi mwepesi, ndizi zimebaki vipande. Siku hizi wapo wanaoweka nazi, wazee wananuna wakisikia hivyo, mi nimekula zote mbili na nazi haijaharibu kitu. Kiburu ndo kigumu kidogo kukipata mgahawani, ni ndizi na maharage vimepikwa pamoja na magadi kisha vikapondwa, kizito, kinashiba, hakina urembo wowote, na ukikipenda kiburu we umeshakuwa mtu wa kule. Ukitaka kiburu uliza siku moja kabla, mama atakwambia njoo kesho mchana, na ataweka kweli.

Halafu kuna kisusio. Hii ni supu ya mbuzi inayowekwa na damu, wanaume wanaipenda sana hasa penye kuchinja. Kuna na mlaso, nao unahusu damu. Nasema wazi kwa sababu kuna ndugu zetu Waislamu wanaenda Moshi wanaambiwa "onja supu ya asili" wanaonja. Uliza kwanza kilichomo, hamna atakayekushangaa, na vilevile uliza jiko linalochoma kitimoto liko wapi maana baa nyingi za huko mbuzi na nguruwe wanachomwa sehemu moja.

Desemba ni habari nyingine kabisa. Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, mabasi yanajaa, barabara ya Himo inajaa magari yanayotoka Dar, na mbuzi wanachinjwa kila boma. Ukiwa na rafiki Mchaga aliyekualika, nenda Desemba na usiulize swali lingine, utakula usivyowahi kula, ndafu utaiona, yule mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa anakatwa mbele za watu kama keki. Ukiwa huna wa kukualika basi Desemba iache, gesti zimepanda bei, vyumba hamna, na wale mama wazuri wa kupika wamefunga wako kwao wanapikia familia.

Kero ya Marangu ni hoteli za wapanda mlima. Pale ndo lango la zamani la Kilimanjaro, wageni wanalala usiku mmoja kabla ya kupanda, na jikoni wanapikiwa vitu ambavyo havitamsumbua mtu tumbo huko juu: supu ya karoti, tambi, kuku wa kuokwa. Si vibaya, ila ukila hapo siku zako zote utarudi Dar hujaonja kitu. Lala hotelini, kula nje. Shuka Marangu Mtoni sokoni, tafuta panapofuka moshi na pamejaa bodaboda mchana, hao hawakosei.

Lushoto mezani

Unaacha lami kuu pale Mombo, unapanda kilomita thelathini na kitu za kona, unapita Soni kwenye maporomoko, na kuanzia hapo pembeni ya barabara ni ndoo za matunda tu. Wajerumani waliita mji huu Wilhelmstal na walikuja hasa kukimbia joto la pwani, wakapanda mboga na matunda ya kwao ya baridi yakakubali. Mpaka leo kabichi, karoti, viazi, njegere, hoho, zinashuka kwa malori kwenda Dar na Tanga. Plamsi, peasi, fyulisi, vitu ambavyo Dar unavikuta supamaketi vimetoka Afrika Kusini na bei yake unaijua, huku mtoto anakuuzia kwenye kisado. Msimu mzuri wa hayo matunda ni kuanzia mwisho wa mwaka mpaka miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata, nje ya hapo utakuta parachichi, pesheni na mboga, ambazo zipo muda wote.

Lakini sasa njaa inauma, unakula nini? Mjini Lushoto migahawa ipo, safi tu, wali maharage, ugali samaki, pilau, chapati, chipsi mayai jioni na mishkaki. Ni chakula kizuri na bei nafuu, ila hicho hicho ungekula Korogwe, ungekula Muheza. Chakula cha Wasambaa wenyewe, makande ya mahindi na maharage, magimbi, ndizi za kupika, ugali na mboga za majani za kuchuma, mnavu hasa, hicho kiko majumbani. Hakijawahi kuwa cha kuuza. Makande ndo utabahatisha, na ukiyakuta yamepikwa na maharage mapya ya mlimani kula sahani mbili, maharage ya Lushoto yanaiva haraka na yana utamu ambao mchuzi wa nazi unaufunika bure.

Njia ya kula Kisambaa ni moja, utembee kwa miguu na mwongozaji wa pale mjini, hawa vijana wa utalii wa utamaduni wapo na ofisi zao, mnaamka asubuhi mnapita vijijini, na unamwambia mapema kabisa kwamba mchana unataka kula kwa mtu. Si hotelini, kwa mtu. Mkifika mnampa mama shikamoo yake, mnakaa, mnakula kilichopo. Inataka subira na haina menyu, lakini ndo hiyo.

Ila kuna upande mmoja Lushoto inaiacha Marangu mbali sana, nao ni maziwa na vitu vya misheni. Irente, kule kwenye hifadhi ya Walutheri ukielekea ile sehemu ya kutazamia bonde la Mazinde, wana jibini ya kwao, mkate mweusi wa rai (nafaka inayofanana na ngano), jamu, siagi, juisi, wanakufungashia chakula cha mchana unakula bustanini. Ukishakula unatembea kidogo tu mpaka ukingoni, unaona tambarare yote kule chini na mashamba ya mkonge. Toa taarifa mapema, wanaandaa kwa idadi, ukitokea saa nane na watu sita bila kusema utapewa mkate na tabasamu. Masista wa Ubiri nao, kabla hujafika Lushoto mjini ukitokea Soni, wana jibini na jamu zao na ni sehemu tulivu ya kulala. Na mapadri Wabenediktini wa Sakharani, huko upande wa Soni, wana makadamia.

Kuna watu wanasema hiyo jibini si chakula cha kienyeji, ni cha Mzungu. Mi nawauliza maziwa ni ya ng'ombe wa nani, anayetengeneza ni nani, na imeanza lini? Mahindi yenyewe ya kwenye makande yalikuja na Mreno. Sista Msambaa anayekanda jibini kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani yake anatengeneza kitu cha Lushoto, tuishie hapo.

Vya kunywa

Kama unakunywa pombe, hapa ushindani hakuna. Mbege. Ndizi mbivu zinachemshwa muda mrefu mpaka zinakuwa nyekundu za kahawia, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, halafu ulezi ulioota na kukaushwa unasagwa unapikwa uji, vinachanganywa, vinalala. Uchungu wake unatoka kwenye gome la mti wa msesewe. Inayotoka ni nzito, ina chembechembe za ulezi, ina utamu na uchachu kwa wakati mmoja, na ina siku yake: ya leo ni laini unaweza kumpa mgeni, ya kesho kutwa imekuwa kali na wazee ndo wanaitaka hiyo. Kwa hiyo ukifika kilabuni usiulize "mbege ipo?", uliza "ni ya lini?", utaheshimika hapohapo.

Zamani ilinyweka kwenye kata, yani kibuyu cha kunywea, bado zipo hasa kwenye sherehe, ila kilabuni saa hizi utapewa kikombe cha plastiki, usikasirike, mbege ni ileile. Nenda alasiri, kaa na wazee, waamkie, nunua na ya kwao kidogo, utapata stori za kihamba, yani shamba la nyumbani la ukoo, za mifereji ya maji ya babu zao, na za kahawa ilivyowasomesha. Haileweshi haraka na ndo mtego wake, inashibisha unajiona uko sawa mpaka usimame. Atakayekuletea gongo mkatalie, si halali kisheria na hujui imepikwa na nini.

Lushoto pombe za viwandani zipo, baa zipo, na vijijini kuna pombe ya miwa, lakini Waislamu ni wengi na unywaji si kitu cha kukaa nacho barazani ukajitangaza. Mgeni anayeenda Lushoto kutafuta kilabu cha asili atajisikia amekosea mlango. Raha ya Lushoto kwenye kikombe ni chai. Usambara ni milima ya chai, ukienda upande wa Bumbuli unapita katikati ya mashamba, Mponde, Herkulu, kijani mpaka macho yanauma, na chai ya maziwa ya mgahawani asubuhi, maziwa yamekamuliwa alfajiri, tangawizi imepondwa sio ya unga, na chapati ya moto, na nje ukungu bado haujaondoka, basi hapo nakwambia mtori unasahaulika kwa dakika kumi hivi. Juni mpaka Agosti baridi lake ni la kweli, chukua sweta, utakunywa chai mara nne kwa siku bila kujua.

Kahawa sasa. Ungetegemea Kilimanjaro ishinde kirahisi, kahawa ya arabika imepandwa kule tangu mwishoni mwa karne ya 19, mapadri wa Kilema ni wa mwanzo mwanzo, na chama cha ushirika cha KNCU kipo tangu 1933. Lakini kaa kwenye mgahawa wa kawaida Marangu uagize kahawa uone, utaletewa kopo la kahawa ya unga wa kuyeyuka na maji ya moto. Kahawa ililimwa iuzwe, nyumbani watu walibaki na chai na mbege. Ukitaka kahawa yenyewe fanya moja kati ya mawili: ukae Moshi mjini pale kwenye mgahawa wa Union ulioko jengo la ushirika, au uende Materuni ama kijiji chochote wanapofanya ziara za kahawa, unamenya mwenyewe, unatwanga kwenye kinu, unakaanga kwenye chungu, unatwanga tena, wanaimba huku unatwanga, na mwisho unakunywa uliyoitolea jasho. Hizo nyimbo ni za watalii, wala hawafichi, ila kahawa ni ya kweli na mgeni wa ndani akiomba bei ya Mtanzania huwa anapewa.

Mambo ya mfuko, watoto na mvua

Kwa bei, Lushoto ni rahisi zaidi kwa ujumla, chakula na kulala. Marangu kuna bei mbili, ya anayepanda mlima na ya mwenyeji, ukiongea Kiswahili na ukatulia unapata ya pili, ukifika na gari la kampuni ya utalii unapata ya kwanza hata kama kwenu ni Mwika hapo jirani.

Watoto wapeleke Lushoto. Matunda, maziwa, kutembea, hamna kilabu, na mtoto akikataa makande kuna mkate na jamu. Mtu asiyekula nyama vilevile Lushoto, maana Marangu ukitoa nyama kwenye chakula kinachobaki ni ndizi na maharage, tamu, lakini siku ya tatu utaanza kuongea peke yako. Anayefunga, au anayetaka uhakika wa halali bila kuulizauliza kila meza, Lushoto pia, na ukiwa pale Ramadhani jioni mji unachangamka kwa futari.

Kundi la marafiki, watu wa nyama na glasi, watu wa kukaa mpaka usiku, hao Marangu na Moshi bila mjadala. Lushoto saa tatu usiku mji umelala, mtakaa chumbani mnaangaliana.

Wapenzi wawili wanaotaka utulivu, mi ningesema Lushoto, mke wangu angesema Marangu, tumeshaacha kubishana.

Machi mpaka Mei mvua za masika zinapiga kote. Marangu haikuathiri sana kwenye kula, lami inafika na migahawa iko palepale. Lushoto inakuathiri, kwa sababu raha yake yote iko nje ya mji, njia za vijijini zinakuwa tope, kupanda kutoka Mombo kuna wakati udongo unaporomoka barabarani, na ukungu unafunika hiyo tambarare uliyoifuata Irente. Kwa hiyo mwenye likizo ya Aprili asijiulize mara mbili, aende akale mtori.

Na kama una wiki nzima na hutaki kuchagua, fanya zote, ila kwa mpangilio. Ukitokea Dar pitiliza Mombo usikate, nenda moja kwa moja mpaka Himo upande Marangu, maliza mbege na nyama zako huko, halafu wakati wa kurudi ndo upande Lushoto ulale usiku mbili. Sababu ni mizigo, maana vya Marangu vyote unavimaliza palepale mezani, mbege haisafiri, ya kwenye dumu itakufumukia ndani ya basi, wakati vya Lushoto ni vya kubeba: kabichi, viazi, matunda, jamu, jibini. Wa Arusha na Moshi nyie mpangilio ni uleule, tena kwenu ni rahisi, mnapita Marangu kwanza, mnaenda Lushoto mnarudi. Jibini inunue asubuhi ya kuondoka sio jana yake, ifunge na magazeti, uwe na kibokisi cha barafu kama una gari, na matunda waambie wakuchagulie ambayo hayajaiva vizuri kwa sababu ukishashuka Mombo joto linaanza upya na plamsi iliyoiva haifiki Chalinze.